Lita Moja ya Mafuta Kufika Mwanza



Jioni ya siku za giza, mwezi unapochelewa kuchomoza, wavuvi wa dagaa katika mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze huteremsha mitumbwi yao ziwani. Zamani mtumbwi uliendeshwa kwa kasia na tanga. Siku hizi mitumbwi mingi husukumwa na injini ya kupachika nyuma, na kabla injini hiyo haijanguruma, mvuvi huwa amekwisha kwenda kituoni na dumu lake na kulipa fedha taslimu. Hajui atarudi na dagaa kiasi gani, lakini anajua ametumia kiasi gani kununua mafuta. Asubuhi, hesabu ya kwanza ufukweni ni kuondoa gharama ya dumu lile. Kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye mtumbwi na vibarua wake, na ndicho chakula cha watoto, dawa ya mgonjwa na sare ya mwanafunzi.

Ni dhahiri basi kwamba suala la mafuta haliwahusu wenye magari peke yao. Mkulima wa pamba wa Magu anayesafirisha robota zake, mama anayechemsha uji alfajiri mtaani Mabatini, mgonjwa anayevushwa kutoka kisiwani Ukara, wote wamo katika hesabu hiyo, watake wasitake. Kwa sababu hiyo inafaa watu ambao kazi yao ni kufundisha na kuhudumia umma waijue bidhaa hii vizuri: inatoka wapi, inafanya nini, inagharimu nini, na ni wapi ingeweza kuachwa pasipo hasara.

SAFARI NDEFU

Mwanza haina bandari ya bahari. Mafuta yanayouzwa hapa huagizwa kutoka nchi za nje, hushushwa kutoka melini katika bandari za mwambao, hasa Dar es Salaam, kisha huanza safari ya nchi kavu ya zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Reli ya kati, ambayo tawi lake la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, hubeba sehemu ya mzigo huo, lakini kwa miaka mingi mzigo mkubwa umekuwa ukibebwa na malori.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa hesabu anaweza kulifanya somo. Lori kubwa la tangi lililosheheni huteketeza yapata lita 40 hadi 50 za dizeli kwa kila kilomita 100. Hivyo safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ya kwenda peke yake, hula takriban lita 500. Lori hilo linaporudi tupu, hula tena. Kwa maneno mengine, mafuta hula mafuta njiani, na anayelipa mlo huo ni mnunuzi wa mwisho. Ndiyo sababu bei kikomo zinazotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hazilingani kwa miji yote. Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam, na mvuvi wa kisiwani, anayeletewa dumu kwa boti baada ya safari zote hizo, hulipa zaidi ya mtu wa Mwanza mjini.

FUNZO LA MWAKA 1973

Wazee wanakumbuka, na vijana wamesimuliwa, jinsi bei ya mafuta ilivyopanda ghafla duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Pipa moja, ambalo ni lita 159, lililokuwa likiuzwa kwa dola zipatazo 3 za Marekani, lilifikia dola zipatazo 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yalizidisha machungu. Tanzania, ambayo haikuwa na kisima kimoja cha mafuta, ililazimika kutoa pamba, kahawa na katani nyingi zaidi ili ipate pipa lile lile. Pamba ya kanda hii ya ziwa ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyobeba mzigo huo mabegani.

Matokeo yake yalionekana kila mahali. Mafuta ya taa yalipanganiwa foleni. Magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Viwanda vilipunguza zamu kwa kukosa mafuta na vipuri. Hapakuwa na mtu hapa nchini aliyekosa kitu hata kuleta shida ile. Ilianzia mbali, ikatua jikoni.

Jambo hilo halikuishia enzi hizo. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei tena, Serikali ilianza mwezi Juni kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Fedha hizo ziliokoa wengi, lakini ni fedha ambazo zingeweza kujenga madarasa na zahanati. Aliyekopa mwavuli hapangi siku ya mvua. Na nchi inayotegemea mafuta ya wengine haipangi bei.

NDANI YA PIPA MOJA

Mafuta ghafi yatokapo ardhini hayafai kutiwa katika injini. Kwanza hupashwa moto, kisha hupitishwa katika mnara mrefu wa kusafishia, ambamo kila aina hujitenga kwa kiwango chake cha joto. Juu kabisa hutoka gesi za kupikia, chini yake petroli, chini zaidi mafuta ya taa, ambayo ni ndugu wa mafuta ya ndege, kisha dizeli, kisha mafuta mazito ya mitambo na meli, na mwisho, chini kabisa, hubaki lami.

Tanzania ilikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni, ubia wa Tanzania na Italia, kilianza kusafisha mafuta mwaka 1966, na kiliacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo nchi imekuwa ikinunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, uagizaji hufanywa kwa pamoja, yaani shehena za makampuni mbalimbali huunganishwa na kushindanishwa kwa zabuni, ili meli kubwa moja ifanye kazi ya meli ndogo nyingi. Utaratibu huo umepunguza gharama na kurahisisha ukaguzi.

Watu wengi hudhani kwamba pipa la mafuta huishia katika injini na taa. Sivyo. Nyavu za nailoni alizonazo mvuvi, kamba yake, boya lake, dumu lenyewe la plastiki na sehemu ya mpira wa gurudumu la baiskeli, vyote asili yake ni mafuta au gesi. Lami ya barabara ya kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni masalia ya mnara ule ule. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Mtu anayechoma ovyo mafuta anachoma pia malighafi ya vitu ambavyo havina mbadala wa karibu.

GESI MBILI ZISIZOFANANA

Liko kosa linalosikika mara kwa mara, hata katika vyumba vya walimu. Husemwa kwamba kwa kuwa nchi ina gesi nyingi huko Mtwara na Lindi, basi mtungi wa kupikia unaouzwa Mwanza ungepaswa kuwa wa bei ya chini sana. Kosa hilo linafaa kusahihishwa kwa upole, maana hisia iliyomo ndani yake ni ya haki.

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lililoanzishwa mwaka 1969, ndilo lililosimamia kazi hiyo kwa niaba ya umma. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam, na mwaka 2015 bomba la kutoka Mtwara lilikamilika. Gesi hii kwa sehemu kubwa ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, na haigeuki kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu katika mtungi mdogo wa nyumbani. Husafiri kwa bomba.

Gesi ya mtungi ni nyingine. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambao hugeuka kimiminika kwa shinikizo la kadiri, na kwa hiyo hubebeka. Gesi hiyo huagizwa kutoka nje kwa meli kama ilivyo petroli, na hupanda mlima ule ule wa gharama hadi ziwani. Hata hivyo gesi ya Songo Songo hufika Mwanza: hufika kwa njia ya waya, ikiwa umeme wa gridi ya Taifa. Anayewasha taa shuleni Nyakato huenda anatumia gesi ya Lindi bila kujua.

TAA YA MVUVI

Kwa miongo mingi dagaa wa Ziwa Victoria wamevuliwa kwa karabai, taa za kupampu zinazochoma mafuta ya taa. Taa hizo huelezwa juu ya maji usiku wa giza, dagaa hukusanyika kuufuata mwanga, na wavu huwazunguka. Kutoka ufukweni huonekana kama mji ulioota juu ya maji.

Mwaka 2011, ili kuzuia watu waovu wasichanganye mafuta ya taa na dizeli, tendo ambalo Watanzania walilipa jina la kuchakachua, Serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa. Kusudi lake lilikuwa jema: magari yalikuwa yakiharibika na kodi ikipotea. Lakini mvuvi wa dagaa, ambaye hakuchakachua kitu, alijikuta akilipa gharama mpya kila usiku. Mtoto aliyesoma kwa kibatari kijijini alilipa vile vile. Hapa pana funzo kwa kila mtumishi anayeandika mapendekezo ofisini: sheria inayomlenga mwizi inaweza kumpata msafiri mwingine njiani, na ni wajibu wa mwandishi kuuliza mapema ni nani mwingine anayeitumia njia hiyo.

Faraja ni kwamba mvuvi hakukaa kulalamika tu. Taa za betri na za nguvu ya jua zimeingia mialoni, na wavuvi wengi wameziweka karabai kando. Taa hizo hazimwagi mafuta majini, hazitoi moshi, na zikishanunuliwa, mwanga wa kila usiku hugharimu kidogo. Katika kisiwa cha Ukara pia, mitambo ya umeme wa jua imewashwa mahali ambapo zamani jenereta ya dizeli ndiyo iliyokuwa tegemeo la pekee. Huu ni ushahidi wa wazi kwamba panapokuwa na mbadala unaofaa, mwananchi hahitaji kulazimishwa.

Injini ya mtumbwi ni habari nyingine. Injini nyingi za zamani zinazochanganyiwa petroli na oili huacha sehemu ya mafuta itoke bila kuungua, yaani fedha ya mvuvi huelea juu ya maji na kung'aa kwa rangi za upinde wa mvua. Injini za kisasa zaidi hula kidogo, lakini bei yake ya kununulia ni kubwa. Maofisa wa uvuvi na wa ushirika wanaweza kufanya jambo la maana hapo: kuwasaidia wavuvi kukopa kwa vikundi, na kuwafundisha mafundi wa mwaloni kurekebisha injini ili isinywe kuliko kazi yake.

JIKO LA SHULE

Suala la jiko linawagusa walimu moja kwa moja. Shule yenye bweni hupikia mamia ya wanafunzi mara mbili au tatu kwa siku. Kwa kuni, kazi hiyo imekula vilima vya Ukerewe na Sengerema, na mpishi anayekaa katika moshi kila siku huharibikiwa na macho na mapafu. Mwaka 2023 Serikali ilitoa agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Na mwaka 2024 ulizinduliwa mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, ambao lengo lake ni kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Hapo pana mvutano wa kweli ambao haufai kufichwa. Mkuu wa shule anayeacha kuni za kukatwa jirani na kuingia katika gesi ya mtungi anaacha gharama inayoharibu mlima na kuingia katika gharama inayotoka mfukoni. Mtungi ukiisha katikati ya muhula na fungu halijafika, wanafunzi hawawezi kula agizo. Kwa hiyo agizo jema lahitaji fungu lake katika bajeti, na bajeti hiyo huandikwa na watumishi. Inafaa pia shule zisitazame gesi peke yake. Makaa yaliyotengenezwa kwa mabaki ya mazao, gesi ya samadi, na majiko ya umeme ya shinikizo kwa maharage, vyote vina nafasi. Gesi ya mtungi ni bora kuliko moshi. Haiwi sababu ya kuacha kufikiri.

MOTO NA MAJI

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, na watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Moto ulilipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Malori kama lile hupita kila siku katika barabara ya kuja Mwanza. Kila mtoto wa shule iliyo kando ya barabara hiyo hana budi kufundishwa mambo machache: petroli hutoa mvuke hata pasipo kupashwa moto, mvuke huo ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini usionekane, cheche ndogo ya betri au ya sigara yatosha. Penye lori lililopinduka, mwananchi mwema hukimbia na kuwazuia wengine wasisogee. Gesi ya mtungi nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo mitungi ya shule iwekwe nje ya jiko, na jiko liwe na matundu ya hewa chini karibu na sakafu. Katika boti, madumu ya petroli yasikae pamoja na abiria wala jiko la mkaa.

Na yako maji. Fundi anayemwaga oili chafu mtaroni mjini Mwanza huimwaga ziwani. Maji ya ziwa hili hayanywewi na watu wa ufukweni pekee. Kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, mradi uliozinduliwa mwaka 2009 huyapeleka Shinyanga na Kahama, na baadaye yamefikishwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Oili ya gari moja iliyomwagwa ovyo ni dharau kwa mtu aliye mbali asiyejua hata jina la aliyeimwaga. Maofisa wa mji na wa mazingira wawe na mahali pa kukusanyia oili hiyo, na magari ya umma yawe ya kwanza kutoa mfano.

BOMBA LA MAGHARIBI YA ZIWA

Mafuta yaligunduliwa Uganda mwaka 2006, katika bonde la Ziwa Albert. Bomba la kuyasafirisha kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangwa kuwa na urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 zimo Tanzania. Huingia kwa mkoa wa Kagera, hupita Geita na Shinyanga, kisha huendelea hadi Tanga; mkoa wa Mwanza wenyewe haupitiwi. Kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi na huganda kwa joto la kawaida, bomba hupashwa moto lifikie nyuzi 50 hivi. Kupitia TPDC, Tanzania ina hisa za asilimia 15.

Wananchi waambiwe ukweli wote. Mafuta yatakayopita humo ni ghafi na ni ya kuuzwa nje, kwa hiyo bomba hilo peke yake halitashusha bei ya petroli Mwanza. Faida yake ni ushuru wa kupitisha mafuta, kodi, ajira na ujuzi. Wasiwasi wake ni ardhi na fidia za wananchi, na usalama wa mito inayotiririka ziwani, ukiwamo Mto Kagera. Mtumishi wa wilaya anayesimamia haki ya mwenye shamba na anayepima maji ya mto kwa uaminifu hapingi maendeleo. Anayalinda yasije yakageuka hasara.

WAJIBU

Mafuta yatumike pale ambapo bado hayana mbadala, na yaachwe pale ambapo mbadala upo. Mitambo ya Nyakato ya mafuta mazito ilijengwa wakati wa upungufu wa umeme. Kila megawati inayotoka katika maporomoko ya maji inapunguza haja ya kuiwasha. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni za magari yaliyosubiri kivuko. Reli mpya ya kisasa ya umeme itakapofika Mwanza, mzigo mkubwa utaweza kuja bila kula dizeli njiani.

Lakini kabla ya reli hiyo, liko jambo lisilongoja mhandisi. Gari la ofisi linalonguruma kivulini saa nzima likimsubiri bwana mkubwa, na safari tatu za magari matatu kwenda wilaya moja siku moja, ni mafuta yaliyobebwa kilomita 1,100 ili yatupwe. Daftari la safari za gari liandikwe kwa ukweli, lisomwe, na likaguliwe. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo humwaga kibaba.

Mvuvi wa Kayenze hupima dumu lake kwa macho kila jioni, kwa kuwa anajua tone moja lina thamani gani. Umma una haki ya kutarajia kwamba mafuta yake yatapimwa kwa macho hayo hayo.